Kimeng'enya kisichomeng'enya: istilahi za salfotransferasi, salfa na salfeti

Kwa ufupi

Salfotransferasi (nomino, ngeli ya i-/zi-) ni kimeng'enya kinachochukua kundi la kikemikali liitwalo salfo kutoka kwenye molekuli inayolitoa na kulipachika kwenye molekuli inayolipokea. Miongoni mwa molekuli zinazopokea ni polisakaridi za uso wa seli, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyojitokeza nje ya utando wa seli. Bidhaa ya maabara iitwayo salfotransferasi rekombinanti ya binadamu ni protini iliyozalishwa na seli zinazokuzwa maabara kwa kufuata nakala ya jeni ya binadamu. Haitolewi mwilini mwa mtu, wala si dawa.

Wanaoitumia istilahi hii ni wachache: mfasiri wa fomu ya ridhaa ya utafiti, mwalimu anayefafanua kemia ya mwili, mwanafunzi anayeandika ikisiri ya tasnifu kwa Kiswahili. Ugumu wao hautokani na neno geni lenyewe. Unatokana na maneno mepesi yanayolizunguka. Kimeng'enya humfanya msomaji afikirie kuvunja. Salfa humkumbusha dawa. Cha binadamu humfanya aulize ni binadamu yupi. Na kwa utafiti tu huweza kusomeka kama majaribio juu ya mgonjwa. Makala haya yanachunguza maneno hayo manne na kupendekeza matumizi yake.

Asili ya neno kimeng'enya

Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi -meng'enya, chenye maana ya kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Kiambishi ki- kinaliweka katika ngeli ya ki-/vi-, na kiishio -a cha kitenzi kimebaki. Muundo huu ni wa kawaida katika majina ya vifaa: kipaza sauti, kinasa sauti, kizima moto. Tofauti ni kwamba majina hayo hufuatwa na yambwa inayotaja kitu kinachotendwa, ilhali kimeng'enya kimebaki peke yake. Msomaji haambiwi kinachomeng'enywa, naye hujaza pengo hilo kwa kile anachokifahamu, yaani chakula.

Sababu ya kujaza hivyo iko shuleni. Katika shule za msingi za Tanzania, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, mwanafunzi hukutana na vimeng'enya katika mada ya mmeng'enyo wa chakula: kimeng'enya cha mate huvunja wanga, cha tumbo huvunja protini. Akifika sekondari, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza. Vimeng'enya vinavyojenga, vinavyounganisha na vinavyohamisha hufundishwa huko, kwa majina ya kigeni. Kwa wasemaji wengi, basi, maana ya kimeng'enya imesimama pale darasa la msingi lilipoiacha.

Historia ya jina hilo Ulaya inafanana na hii. Mwaka 1833 Anselme Payen na Jean-François Persoz, wanakemia wa Ufaransa, walitenga kutoka kwenye kimea cha shayiri kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastasi. Kiishio -asi kinachosikika leo katika majina ya vimeng'enya vingi kimetokana na jina hilo. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Wilhelm Kühne akaunda jina la jumla kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Wazungu walianza na chachu, Waswahili wakaanza na tumbo. Majina yote mawili yameizidi asili yake.

Mkoani Ruvuma mfano wa Payen na Persoz uko jikoni. Anayepika togwa huandaa uji mzito, kisha hutia unga wa kimea cha ulezi. Uji hulegea na kuwa mtamu, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea vimeukata wanga kuwa sukari. Hapo kimeng'enya kinastahili jina lake hasa. Mwalimu wa Mbinga anaweza kuanzia kwenye togwa bila wasiwasi. Asichoweza ni kuishia hapo, kwani ainisho la kimataifa la vimeng'enya lina makundi 7 tangu mwaka 2018, na vimeng'enya vinavyovunja kitu kwa kutumia maji, kama vya kimea na vya tumbo, ni kundi la tatu tu. Transferasi, yaani vimeng'enya vya kuhamisha, ni kundi la pili.

Kazi ya salfotransferasi

Ndani ya seli kuna vifuko bapa vilivyopangwa kama sahani, vinavyoitwa Golgi kwa jina la Camillo Golgi, Mwitaliano aliyevieleza mwaka 1898. Humo minyororo ya sukari hurefushwa na kutiwa salfeti kabla ya kupelekwa kwenye uso wa seli. Molekuli inayotoa kundi la salfo hujulikana kwa kifupi cha PAPS. Salfotransferasi huishika PAPS kwa upande mmoja na mnyororo wa sukari kwa upande mwingine, ikahamisha salfo, ikaachia vyote viwili. Yenyewe haipungui, na hakuna kilichovunjwa katika mnyororo.

Kila salfotransferasi ina mahali pake pa kupachika. Katika kondroitini, mnyororo wenye sukari za aina mbili zinazopishana, kimeng'enya kinachotokana na jeni CHST11 hupachika salfo kwenye kaboni ya nne ya N-asetilgalaktosamini. Katika heparani kazi huenda kwa hatua. Kimeng'enya cha kwanza huondoa kundi la asetili kwenye sukari, kisha chenyewe hupachika salfo pale palipoachwa wazi. Vingine hufuata na kupachika kwenye kaboni ya pili, ya sita na ya tatu. Binadamu ana aina 7 za vimeng'enya vinavyoshughulikia kaboni hiyo ya tatu. Kazi ya aina moja huiwezesha heparani kuishika antithrombini, protini inayozuia damu isigande ovyo. Kazi ya aina nyingine, kama ilivyobainika mwaka 1999, huviachia virusi vya hepesi mlango wa kuingilia seli.

Kwa hiyo salfeti katika mnyororo ni alama. Kila alama ina chaji hasi, na mpangilio wa alama ndio unaoamua ni protini ipi, kirusi kipi au kimelea kipi kitaushika mnyororo huo. Mtafiti mwenye salfotransferasi safi ndani ya chupa anaweza kutia alama mahali anapopajua, kisha akapima kilichobadilika. Hiyo ndiyo thamani ya bidhaa hii maabara.

Malaria ya kondo: kwa nini istilahi hii inahitajika Afrika Mashariki

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vimelea vya Plasmodium falciparum kutoka kwa wajawazito wa magharibi mwa Kenya. Walibaini kwamba chembe nyekundu za damu zenye vimelea hujikusanya katika kondo la nyuma kwa kuishika kondroitini salfeti A, yaani kondroitini yenye salfeti kwenye kaboni ya nne. Katika miaka ya 2000 utafiti wa akina mama na watoto wao uliendelea Muheza, mkoani Tanga. Protini ya kimelea inayofanya kazi ya kushika hupewa jina la VAR2CSA, na chanjo zinazoilenga zimeshafanyiwa majaribio ya awali kwa binadamu.

Ugunduzi huo ulieleza jambo lililojulikana kliniki kwa muda mrefu. Mwanamke aliyekulia penye malaria na kupata kinga huweza kuugua upya anapobeba mimba ya kwanza, kwa sababu kondo ni makazi mapya kwa kimelea, na kinga yake haijawahi kukutana na kimelea kinachoshika kondroitini. Mimba zinazofuata huwa na kinga zaidi. Matokeo ya maambukizi hayo ni upungufu wa damu kwa mama na uzito mdogo kwa mtoto anayezaliwa.

Kwa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, ambako joto na mbu ni vingi kuliko kwenye vilima vya Umatengo, habari hii inawahusu watu moja kwa moja. Wasomaji na wasikilizaji wa huko wanazungumza Kimatengo, Kinyasa, Kimanda au Kingoni nyumbani, na Kiswahili ndiyo lugha ya kliniki. Fomu ya ridhaa inayosomwa kwa sauti mbele ya mama kama huyo haipewi nafasi ya pili: neno likipotosha, yeye hana kamusi mkononi.

Salfa, salfeti na dawa za salfa

Maneno yafuatayo yana asili moja na maana tofauti.

Salfa: elementi ya kikemikali yenye alama S. Jina la zamani ni kibiriti, neno la asili ya Kiarabu, ambalo baadaye lilihamia kwenye njiti za kuwashia moto.

Salfeti: salfa iliyoungana na oksijeni nne, ama ikiwa chumvi (kama salfeti ya amonia), ama ikiwa imepachikwa kwenye molekuli kubwa kama sukari.

Salfo: kundi la salfa na oksijeni tatu. Hili ndilo linalohamishwa. Likishapachikwa kwenye oksijeni ya sukari, oksijeni huwa nne, na kinachopatikana huitwa salfeti. Kwa sababu hiyo ni sahihi kusema kimeng'enya kimehamisha salfo na sukari imetiwa salfeti.

Dawa za salfa: jina la mazoea la dawa za kundi la salfonamidi. Katika dawa hizi salfa imeungana na nitrojeni na kaboni, na hakuna salfeti.

Salfatasi: kimeng'enya kinachoondoa salfeti. Kazi yake ni kinyume cha ile ya salfotransferasi.

Mrututu: salfeti ya shaba, yenye rangi ya buluu.

Mkoa wa Ruvuma unaonyesha jinsi neno salfa linavyobeba mizigo mingi. Kwa mkulima wa korosho wa Tunduru, salfa ni unga wa manjano unaopuliziwa mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anaujua mrututu, na mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, aiita kwa herufi zake mbili. Makaa ya mawe, yakiwamo yanayochimbwa Ngaka, huwa na salfa ndani yake, ambayo hutoa gesi yenye harufu kali yanapoungua. Kliniki ya wajawazito inalipa neno hilo maana ya nne, nayo ndiyo yenye uzito zaidi: dawa.

Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuifanya SP, mseto wa salfadoksini na pirimethamini, kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria. Mwaka 2006 sera ilibadilika tena, dawa mseto yenye artemetha ikachukua nafasi hiyo. SP ikabaki kwa wajawazito, ambao humezeshwa kliniki kama kinga. Salfadoksini ni salfonamidi. Watu wachache hupatwa na athari kali za ngozi kutokana na dawa za kundi hilo, na kadi zao huandikwa "mzio wa salfa". Mwanamke mwenye maandishi hayo hapewi SP.

Hapa ndipo uangalifu wa mfasiri unapogusa maisha. Katika kliniki hiyohiyo mjamzito hupewa vidonge vya madini chuma, ambavyo mara nyingi ni feri salfeti. Akipatwa na kifafa cha mimba, dawa ya kumwokoa ni magnesi salfeti. Mzio wa dawa za salfa hauhusiani na salfeti, wala mwili hauwezi kuishi bila salfeti, kwani seli zake zenyewe huitumia kila siku. Andiko linalotumia salfa mahali pa salfeti linaweza kumfanya mwenye mzio akatae vidonge vya damu, au limfanye ndugu yake asite wakati ambapo hakuna muda wa kusita. Fomu ya utafiti wa kondo ikisema "tutachunguza salfa iliyo kwenye kondo lako", mama atakayesikia SP katika maneno hayo hatakuwa amekosea. Mwenye kosa ni mwandishi.

Kwa hiyo salfa itumike kwa elementi pekee. Kwa dawa, yatumike maneno kamili: dawa za salfa, au salfonamidi. Kwa kilicho kwenye sukari za seli, itumike salfeti bila kufupishwa.

Cha binadamu: swali la asili

Kihusishi -a cha unganifu kina kazi nyingi mno. Damu ya binadamu ni damu iliyomo au iliyotoka mwilini mwa mtu. Haki ya binadamu ni haki anayostahili mtu. Dawa ya binadamu, katika duka la dawa za mifugo, ni dawa anayotumia mtu, isiyo ya ng'ombe. Kimeng'enya cha binadamu kinaweza kusomwa kwa maana zote tatu, na ile ya kwanza, iliyo ya karibu zaidi masikioni, ndiyo isiyo sahihi kwa bidhaa rekombinanti.

Hatari ya usomaji huo si ya kinadharia. Neno mumiani, ambalo zamani lilitaja dutu ya tiba iliyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, liligeuka katika Afrika Mashariki ya enzi ya ukoloni kuwa jina la mnyonya damu anayewauzia wengine alichokitoa kwa watu. Hofu hiyo haijafutika, na huamka haraka pale wageni wenye chupa na sindano wanapoonekana. Kondo la nyuma nalo, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, huzikwa kwa heshima. Fomu inayoomba kipande cha kondo na papo hapo kutaja "kimeng'enya cha binadamu" bila maelezo inaliamsha swali ambalo haijajiandaa kulijibu: kimetolewa kwa nani?

Jibu la kweli ni jepesi. Jeni ya binadamu inayoagiza kutengenezwa kwa protini hunakiliwa. Nakala huunganishwa na DNA nyingine inayoibeba. Kisha hutiwa ndani ya bakteria, seli za wadudu au seli za mamalia zinazokuzwa maabara. Seli hizo huisoma nakala na kuzalisha protini, ambayo husafishwa na kuwekwa chupani. Neno rekombinanti linataja ule muungano wa DNA. Wasomaji wengi tayari wanatumia kitu cha namna hiyo bila kukijua jina: insulini ya binadamu, ambayo tangu mwaka 1982 huzalishwa kwa bakteria au chachu na kuuzwa kwa wenye kisukari.

Katika maandishi ya kitaaluma, rekombinanti inafaa. Katika maandishi ya umma, neno lenye nguvu zaidi ni nakala: "iliyozalishwa na seli za maabara kwa kufuata nakala ya jeni ya binadamu". Kitenzi -pandikiza, ambacho baadhi ya waandishi hukipendelea, kina kasoro moja. Msomaji aliyesikia habari za upandikizaji wa figo ataelewa kwamba kitu kimeondolewa kwa mtu mmoja na kupewa mwingine. Kikitumiwa, kitanguliwe na nakala: "nakala ya jeni ikapandikizwa".

Kwa utafiti tu

Maneno haya kwenye lebo yana maana ya katazo: bidhaa isitumike kutibu wala kupima ugonjwa. Kwa Kiswahili, "kwa utafiti tu" humpa msomaji picha ya dawa iliyo katika majaribio, ambayo mtu anaweza kupewa ili ijaribiwe. Tafsiri inayokidhi ni ile inayotaja kilichokatazwa: "kwa kazi za maabara pekee, si dawa wala kipimo, na haitumiki mwilini mwa mtu".

Kuchagua kitenzi

Waandishi wanaotaka jina la Kiswahili kwa salfotransferasi wana vitenzi vitatu mbele yao. Kila kimoja kina faida yake.

-hamisha kinalingana na asili ya neno transferasi, nacho kinadai mahali pa kutoka na pa kwenda. Kihamisha salfo ni jina sahihi zaidi kikemia, na muundo wake ni uleule wa kipaza sauti.

-tia ni chepesi na kinaeleweka na kila msemaji, kama chumvi inavyotiwa mboga. Kitia salfeti kinamfaa mwanafunzi na msomaji wa kawaida. Upungufu wake ni kwamba hakitaji salfo imetoka wapi.

-pachika kinaonyesha kitu kilichokazwa mahali maalumu. Kinafaa katika maelezo, hasa panapotajwa kaboni inayopokea.

Kitenzi -salfetisha, kilichoundwa kwa kiambishi cha usababishi kama -oksidisha, kinakubalika katika maandishi ya kitaaluma, pamoja na nomino usalfetishaji: "kondroitini iliyosalfetishwa kwenye kaboni ya nne". Kinyume chake kitajwe kwa maneno mawili, kuondoa salfeti.

Kisichokubalika ni "kimeng'enya cha salfeti". Jina hilo linaweza kuwa la salfotransferasi, inayotia, au la salfatasi, inayoondoa, na hakuna neno ndani yake linaloamua. Kwa kuwa kimeng'enya chenyewe kinaelekea upande wa kuvunja, wasomaji wengi watachagua salfatasi, yaani kinyume cha kilichokusudiwa. Mwelekeo wa tendo lazima ubebwe na kitenzi.

Ngeli na upatanisho

Salfotransferasi, polisakaridi, heparani, kondroitini na salfeti ni nomino za ngeli ya i-/zi-. Umoja na wingi wake hautofautiani kwa umbo, na sentensi inaweza kuwa na utata. "Heparani salfeti ya seli" haielezi kama mnyororo ni mmoja au ni elfu. Suluhisho ni kutanguliza nomino yenye umoja na wingi dhahiri: mnyororo wa heparani salfeti, minyororo ya heparani salfeti.

Kimeng'enya kikitangulia, upatanisho ufuate ngeli ya ki-/vi-: "kimeng'enya salfotransferasi kinahamisha". Salfotransferasi ikisimama peke yake, ni "salfotransferasi inahamisha". Kuchanganya upatanisho wa aina mbili ndani ya sentensi moja ni kosa la mara kwa mara katika tasnifu.

Makosa ya kawaida na masahihisho

Si: kimeng'enya kinachomeng'enya polisakaridi kwa salfa.
Bali: kimeng'enya kinachotia salfeti kwenye polisakaridi.

Si: sukari za ukuta wa seli ya binadamu.
Bali: minyororo ya sukari ya uso wa seli. Seli ya mnyama haina ukuta. Ukuta ni wa seli za mimea, kuvu na bakteria.

Si: kondo lenye sukari.
Bali: kondo lenye minyororo ya sukari kwenye seli zake. "Kuwa na sukari", katika mazungumzo, ni kuwa na kisukari.

Si: kimeng'enya kilichotolewa kwa binadamu na kurekebishwa.
Bali: kimeng'enya rekombinanti, kilichozalishwa kwa kufuata nakala ya jeni ya binadamu.

Si: salfatasi hii hupachika salfo.
Bali: salfotransferasi hii hupachika salfo. Salfatasi huondoa.

Mfano wa aya kwa fomu ya ridhaa

Aya ifuatayo imetungwa kwa kuzingatia yaliyojadiliwa, ikilenga mjamzito anayesomewa fomu kliniki. Istilahi ya kitaaluma haimo, na hakuna jambo la msingi lililoachwa.

"Mama, ukikubali, baada ya kujifungua tutachukua kipande kidogo cha kondo la nyuma. Kwenye seli za kondo kuna minyororo midogo sana ya sukari, ambayo vimelea vya malaria huishika na kujificha humo. Sukari hii haihusiani na ugonjwa wa kisukari. Maabara, tutatumia protini inayotia alama ziitwazo salfeti kwenye minyororo hiyo, ili tujue vimelea hushika wapi. Protini hiyo imezalishwa na seli za maabara kwa kufuata nakala ya jeni ya binadamu. Haikutolewa katika damu wala mwili wa mtu yeyote. Haitawekwa mwilini mwako wala mwilini mwa mtoto. Salfeti tunayoitaja hapa si SP wala dawa nyingine za salfa. Kama una mzio wa dawa hizo, mwambie mhudumu wa kliniki, lakini kazi hii ya maabara haitakudhuru."

Maneno ya aya hii ni mengi kuliko ya lebo ya chupa, na ni haki yawe mengi. Lebo imeandikwa kwa mtu aliyekwisha kujua kinachotia, kinachotiwa, kilikotoka na kinakokwenda. Msomaji wa Kiswahili asiyeyajua hayo anastahili kuambiwa yote manne, kila moja kwa kitenzi chake.